Bibi Laurentia na Mtani Aliyemtangulia Kaburini

Baba Paroko, wazee wa kanisa, wajomba zetu mliotoka Kisarawe, majirani wa Kibaha, Tumbi na Misugusugu, na ndugu zetu wa reli mliokuja kwa miguu kutoka Soga, familia ya marehemu Alfonce Lucian inawasalimu wote kwa jina la Bwana wetu, na kabla ya neno lolote inaomba radhi kwa jambo mnaloliona mbele yenu. Jeneza la mama yetu Laurentia liko tayari na kaburi liko tayari, lakini ndani ya kaburi ameketi mtu, naye ni Bwana Mashaka, Mnyamwezi, mfanyakazi wa njia ya reli pale Soga, aliyeshuka humo leo asubuhi na mkeka wake na kata ya maji, na anasema hatoki. Wazee wa kanisa wametuambia tumtoe, Baba Paroko anamwonesha kwa mkono njia ya kutokea, na tunaona vijana wawili wameshakunja mikono ya mashati, nasi tunawasihi waikunjue na wakae chini, kwa maana historia ya mama yetu haiwezi kusomwa bila kumfikia Bwana Mashaka, na ikiisha mtaamua wenyewe kama mtu huyu atolewe kwa nguvu, au aombwe.

Marehemu Laurentia Mwanamvua binti Husseini alizaliwa Kazimzumbwi, Kisarawe, katika msimu wa kuvuna mpunga, mwaka ambao wazee walikubaliana kuuhesabu kuwa 1889, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Husseini na Bibi Tatu, Waislamu na wakulima, akafuatiwa na mdogo wake Mwinyimadi, ambaye ndiye mjomba wetu yule aliyekaa pale na kanzu, na ambaye tangu juzi hajala kitu ingawa amebembelezwa na kila mtu. Alipovunja ungo aliwekwa ndani mwaka mzima, kama anavyowekwa mwali wa Kizaramo, chini ya bibi yake, Bibi Mwanahalima, aliyemfundisha kupika, kusuka ukili, kunyamaza mbele ya wakubwa, na kutonyamaza mbele ya watani. Bibi Mwanahalima alikuwa akiitwa kwenye kila msiba wa Wanyamwezi uliotokea pande hizo, kwa sababu Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na kazi ya mtani msibani ni kuchimba, kubeba, kufagia, na kumsema maiti mbele ya wafiwa mpaka wacheke, asikasirikiwe na mtu. Bibi huyo akirudi nyumbani alimsimulia mwali wake yote aliyoyasema huko, na mwali akicheka kwa sauti alifinywa, maana mwali hatakiwi kusikika nje.

Alisoma katika shule ya misheni ya Pugu kuanzia mwaka 1904, akajua kusoma kwa kufuata mstari kwa kidole, na kuandika jina lake, na katekisimu yote kwa kichwa, na tarehe 24 Desemba 1906 akabatizwa na kuitwa Laurentia. Baba yake alipopelekewa habari kwamba binti yake anataka ubatizo alisema, "Mwacheni. Sauti ya Mwanamvua Mwenyezi Mungu anaijua, ina kelele mno, aite kwa mlango wowote itasikika." Tangu siku hiyo hakukuwa na ugomvi wa dini katika ukoo ule, Idi walikula pamoja na Noeli walikula pamoja, na leo mnawaona wamekaa jamvi moja.

Tarehe 7 Oktoba 1909 alifunga ndoa na Alfonce Lucian, kijana wa Kisarawe aliyekuwa kibarua wa njia ya reli, mtu mrefu, mcha Mungu, mnyofu, ambaye hakujua kutania na wala hakuelewa akitaniwa, mpaka watu wakajiuliza nyumba ile itakwendaje, bibi arusi akiwa anacheka na bwana arusi akiwa anauliza kinachochekesha. Nyumba ilikwenda miaka arobaini na mitano. Mungu aliwajalia watoto watatu, Lucian aliyezaliwa mwaka 1911, ambaye ndiye anayewasomea, Yosefina aliyezaliwa mwaka 1914, na Mathei aliyezaliwa mwaka 1919 na kuitwa na Mungu kabla hajatimiza mwaka. Wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza Baba alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, akarudi amekonda lakini mzima, na mwaka 1921 misheni ikamfanya katekista wa Kibaha, wakahamia hapa, wakati huo pakiwa na nyumba chache tu kando ya barabara ya Morogoro, wakalima mihogo na mpunga kule Tumbi, na Mama akawafundisha wasichana sala, ushonaji na usafi wa nyumba.

Katika miaka hiyo Wanyamwezi wengi walikuwa wakifanya kazi ya reli pale Soga, na akifa mmoja wao walimwita Mama, naye alikwenda na jembe begani, na walio wazee hapa wanakumbuka jinsi mazishi yale yalivyokuwa. Lakini mwaka 1931 makatekista walikutana wakakubaliana kwamba Mkristo asifanye utani makaburini, na aliyelitangaza neno hilo hapa Kibaha siku ya Jumapili alikuwa Baba mwenyewe. Mama alitii. Hakubishana naye mbele ya watu wala nyumbani, kwa miaka kumi na mitano alikwenda misibani akakaa na wanawake wengine, mkono shavuni, ila siku moja wakirudi kutoka kuzika alimwambia Yosefina, "Mwanangu, siku hizi mazishi yamekuwa kama uji wa jana. Unanyweka, lakini nani anaufurahia?"

Mwaka 1946 Baba alikuwa amefikia kupumzishwa, na ndipo misheni ikatafuta mtu na mkewe, watu wazima, wavuke kwenda ng'ambo, Pemba, katika nchi ya Sultani, wakawahudumie vibarua wa bara waliokwenda kuchuma karafuu, kwa kuwa wengi wao walikuwa wamebatizwa makwao na huko walikuwa wakiishi bila sala na kufa bila kuombewa. Baba alikubali siku ile ile. Sisi watoto tulikataa, Yosefina akalia, akasema, "Mama, wenzenu wa umri huu wanaota jua barazani, nyinyi mnapanda meli?" Mama akamjibu, "Kupumzika nitapumzika nikifa, tena nitapumzika sana. Nifungie kuku wangu."

Waliondoka Dar es Salaam tarehe 11 Juni 1946 kwa meli ya serikali, wakiwa na godoro, sufuria, tenga la kuku watatu, na kipande cha reli kilichotupwa, ambacho Baba alikipata Soga akakichukua kiwe kengele ya kanisa, na ambacho kilikuwa kizito kuliko mizigo mingine yote ikiwekwa pamoja. Baba alitapika kuanzia bandarini mpaka Unguja, na kutoka Unguja mpaka Wete, na Mama alimshika kichwa njia nzima akimwambia, "Vumilia, mume wangu, Mtume Paulo naye alivunjikiwa na meli, wewe yako hata haijavunjika."

Walipelekwa mahali panapoitwa Kipangani, katikati ya mashamba ya karafuu, wakapewa kibanda cha makuti kiwe nyumba na kibanda kingine kiwe kanisa, na Padri Anselmi, Mzungu aliyekuwa akifika huko mara moja kwa mwezi, aliwaambia wazi kwamba amepewa watu wachache na vituo vingi, kwa hiyo kama mpaka Noeli kanisa litakuwa tupu atawarudisha nyumbani na kulifunga. Kila Jumapili Baba aligonga reli yake mpaka kunguru wakakimbia, akavaa koti, akasimama mbele, akasoma, akahubiri, na waumini walikuwa Mama peke yake. Vibarua walipita nje na magunia yao, wakawasalimu vizuri, wakaendelea. Walikuwa watu waliodanganywa na wengi, na walidhani katekista mgeni ametumwa na wenye mashamba awahubirie wasidai. Jumapili moja, wakirudi kibandani, Mama alimwambia Baba, "Leo umehubiri vizuri mno, aliyesinzia ni mimi tu." Baba alisimama njiani akamwuliza, "Sasa hilo ni jambo la kunisifia?"

Tarehe 19 Septemba 1946 kibarua mmoja, jina lake Mihambo, Mnyamwezi, alianguka kutoka juu ya mkarafuu akafa papo hapo, akaacha mke kijana aitwaye Siwema, Mnyamwezi pia, aliyezaliwa huko huko Pemba. Siwema hakulia, hakula wala hakunywa, alikaa ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano mchangani, na wazee wa vibarua walimwogopea, kwa sababu walikwisha kuona mfiwa wa namna hiyo akimfuata marehemu. Kesho yake walichimba kaburi wenyewe, na walikuwa wakichimba kwa aibu, maana Kipangani nzima walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma watupu, hapakuwa na mtani hata mmoja, na kwao kuzikana wenyewe kwa wenyewe ni kama kumtupa mtu. Nyapara wao, ndiye Bwana Mashaka huyu, alisema kwa sauti, "Mihambo, utusamehe, tumekuzika kama mbwa, hakuna hata wa kukutukana."

Mama alikuwa amesimama nyuma na Baba. Alimtazama mumewe, mumewe akamtazama, naye alijua mkewe anataka kufanya nini, akasema kwa sauti ya chini, "Laurentia, tumekataza." Mama akasema, "Mmekataza Kibaha." Akajifunga kanga kiunoni, akapenya katikati ya watu, akateremka ndani ya kaburi, akiwa na miaka hamsini na saba, akalala chali.

"Rudisheni mzigo wenu Tabora!" akawapigia kelele kutoka chini. "Hapa pana mwenyewe! Mimi Mzaramo, nimetoka Kisarawe kutafuta mahali pa kulala, nimepapata, pana ubaridi, sitoki! Na huyo Mihambo wenu alifundishwa na nyani kupanda mkarafuu, kushuka nani alimfundisha? Baba zenu walibeba meno ya ndovu kutoka kwenu mpaka pwani, leo maiti mmoja, tena mwembamba, mnahema watu sita! Na mkimwacha huku juu usiku huu ataamka adai posho!"

Majembe yakasimama. Kisha Mashaka akauliza, "Nani huyo?" na mtu akamjibu kwamba ni mke wa katekista, Mzaramo, na Mashaka akatupa jembe akashika kichwa kwa mikono miwili, akapaza sauti, "Mtani! Kumbe tuna mtani miezi yote hii, na mumewe anatugongea chuma!" Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na katikati ya kicheko kile ikasikika sauti ya Siwema, naye alikuwa akicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akalia kama mvua ya masika, na wanawake wakamshika wakamshukuru Mungu. Wakamwambia Mama atoke, akakataa, akasema hatoki mpaka mwenye maiti amwombe, na mwenye maiti anywe kwanza uji. Siwema alipewa uji akanywa, akaenda ukingoni mwa kaburi akasema, "Bibi, toka, mpishe mume wangu alale." Mama akatoka mara moja bila neno, akajikung'uta, akapiga magoti, akaanzisha sala yeye mwenyewe, na wote walioijua makwao wakaipokea.

Lakini Padri Anselmi alikuwa amefika siku hiyo kwa safari yake ya kila mwezi, na alichokiona alipotokea kwenye njia ya mikarafuu ni mke wa katekista wake amelala kaburini akimtukana marehemu. Alimwita Baba pembeni akamwambia kwamba meli ijayo itaondoka na mwanamke huyu, na Baba, ambaye maishani mwake hakuwahi kumbishia padri, akasema, "Baba, aliyelitangaza katazo lile ni mimi, na leo nimeona sikujua nilichokuwa nakataza. Akiondoka yeye, na mimi napanda meli hiyo hiyo, na unajua jinsi ninavyoogopa meli." Mama alikuwa akitusimulia maneno hayo mara nyingi kuliko maneno yoyote ya Baba, na kila akifika kwenye meli alifuta macho.

Jumapili iliyofuata Padri alikuwa bado yupo, na Baba alipogonga reli kanisa lilijaa, likamwagika nje, vibarua wamekuja na magunia yao wayatandike wakae. Mashaka alisimama mbele ya Padri akasema, "Shikamoo, Baba. Sisi hatukumjua mumewe, tulimjua yeye tulipomwona anamzika mwenzetu. Ukimrudisha kwao, uturudishe na sisi." Padri Anselmi alitazama watu wale, akaketi, akamwambia Baba aendelee kusoma, na habari ya meli haikutajwa tena.

Hatuwezi kueleza yote ya miaka saba waliyokaa Kipangani, watoto waliobatizwa, ndoa zilizofungwa, wagonjwa waliopikiwa, ila jambo moja Mama alisema lazima lisomwe, nalo ni la Baba. Baba alipoona utani umeleta watu aliona na yeye anaweza, na mwaka 1948 alipofariki seremala mmoja, Mnyasa aliyehamia huko na wenzake mwaka uliotangulia, Baba alisimama makaburini na koti lake, akasema kwa uso mkavu kabisa kwamba jeneza limepinda kama kazi zote za marehemu. Mzaramo na Mnyasa si watani. Wanyasa wakachukua fito, na Mama akakimbia akasimama katikati akipiga kelele, "Msimpige! Mzee huyu jua limemwingia kichwani tangu asubuhi!" Akamshika mkono akamwongoza mpaka nyumbani kama mgonjwa, na Baba njiani akamwuliza, "Nilikosea wapi? Si lilikuwa limepinda?"

Mwaka 1949 Siwema alifunga ndoa na Mashaka katika kanisa lile la makuti, na Mama ndiye aliyekuwa somo yake. Tarehe 2 Novemba 1953 wazee wetu walirudi Kibaha, Baba akitapika kutoka Wete mpaka bandarini, na mwaka uliofuata Mashaka na mkewe nao walikuja bara, akapata kazi ya reli Soga. Tarehe 14 Machi 1955 Baba yetu Alfonce Lucian aliitwa na Mungu, akazikwa hapa hapa kando ya shimo hili, kwa heshima na kwa kimya, kwa kuwa katazo la mwaka 1931 lilikuwa bado lipo na aliyelitangaza alikuwa yeye. Mashaka alikuja siku hiyo, wazee wakamzuia, akasimama mbali na kofia mkononi. Mama hakulalamika. Jioni yake alituita, akasema, "Baba yenu nimemzika alivyotaka wakati akiwa kijana. Alivyotaka alipozeeka najua mimi. Mimi msinizike hivi. Nikifa mwiteni Mashaka."

Ugonjwa wake ulianza mwezi wa Februari 1957 kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi, akatibiwa hospitali ya serikali Dar es Salaam, akapata nafuu, akarudi, ukamrudia mwezi wa Mei mwaka huu. Siku za mwisho Siwema na Mashaka walikuwa wakija kila walipopata nafasi, na Mashaka alikuwa akiingia mlangoni anasema, "Bado upo tu, Mzaramo mvivu, hata kufa kunakushinda?" na Mama akimjibu kwa pumzi aliyokuwa nayo, "Nakusubiri uzeeke, unichimbie pole pole." Alipokea sakramenti zote, akawaaga watoto, akamuaga mdogo wake Mwinyimadi, na Jumapili tarehe 3 Agosti 1958, jioni, alilala usingizi ambao hatukuweza kumwamsha.

Basi, ndugu zetu, Bwana Mashaka hakunywa pombe na wala hakutudharau. Tulimwita sisi, na alishuka mapema kabla hamjafika kwa sababu safari iliyopita alizuiwa mlangoni. Tangu asubuhi amesema humo mengi ambayo hatuwezi kuyarudia, kwamba Mzaramo huyu alijaza mbingu za Pemba kelele na sasa malaika wamekwisha kuonywa, na kwamba kaburi amelipima yeye mwenyewe, ni refu mno kwa mtu mfupi, atampangisha mtu upande wa miguuni. Mmekuwa mkijizuia kucheka, tumewaona, hata Baba Paroko tumemwona. Chekeni. Mjomba Mwinyimadi amecheka mara mbili, na tunaambiwa ameomba uji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kwa uvumilivu wao, tunawashukuru majirani wa Kibaha, Tumbi na Misugusugu kwa kuni, maji na usiku mliokesha nasi, tunawashukuru wajomba zetu wa Kisarawe kwa dua zao, ndugu wa reli kwa mbao za jeneza, ambalo halikupinda, makatekista wenzake Baba, na wewe Baba Paroko kwa kusikiliza mpaka hapa na mkono wako ukiwa hauoneshi tena njia ya kutokea. Tunamshukuru Siwema, aliyemwosha Mama kwa mikono yake.

Imebaki kazi moja, nayo si ya vijana wenye nguvu. Ni ya wenye maiti, na wenye maiti ni sisi. Yosefina, dada yangu, mjomba ameshakunywa, njoo tusogee ukingoni.

Mashaka, mtani wetu, umetuzikia vizuri. Toka sasa, mpishe mama yetu alale.

Lala kwa amani, Mama. Ulisema utapumzika sana.